Mlango Uliokuwa Wazi

Wewe uliyeketi karibu na mimi, sogea kidogo nikutegee kimoja. Nina nyumba. Mlango wake uko wazi, moto unawaka, chungu kiko mekoni. Mtu ninayempenda kuliko wote amesimama nje, mvua ya mawe inampiga. Hakuna mbwa, hakuna askari, hakuna aliyemfukuza. Na haingii. Ni nani huyo?

Fikiria. Usiniambie ni mwizi, wala kichaa.

Umeshindwa? Zamani ungenipa mji, nikaenda kutembea Kisumu au Mombasa bila nauli. Siku hizi magoti yangu hayanifikishi mbali. Nipe kikombe cha chai, nikuambie. Huyo ni baba mzazi, amesimama kwenye mlango wa mtoto wake aliyeoa.

Kwetu Wagusii, baba akishamwozesha kijana wake, mguu wake haukanyagi tena ndani ya nyumba ya huyo kijana. Hata kama kuna mgonjwa ndani, anaita kutoka nje. Hakioni kitanda cha mwanawe, na mke wa mwanawe hapishani naye mlangoni. Hiyo si chuki. Tunaiita chinsoni, na ndani ya jina hilo kuna heshima na kuna haya, zimeshonwa pamoja. Nyumbani haikuwa taabu, kwa sababu boma lilikuwa na nafasi. Mzee alikuwa na nyumba ya mke wake, tena alikuwa na esaiga, kile kibanda cha wanaume, na kijana alijenga yake upande wa chini. Taabu ilianza watu walipokwenda kuishi mahali ambapo nyumba ni chumba kimoja, na vyumba vimepangwa kama meno.

Mimi nilizaliwa katika chumba kimoja cha namna hiyo, kwenye shamba la chai upande wa juu wa Sosiot. Haya ninayosimulia yalinikuta mgongoni mwa mama, nimefungwa shuka, sikumbuki hata harufu yake. Nimeyapata kwa mama, ambaye jina lake lilikuwa Bilhah, na mengine kwa Jerusa, mama wa Kijaluo aliyekuwa jirani yetu pale laini, ile safu ya vyumba vya wachumaji. Baba yangu aliitwa Onyancha. Alikuwa mchumaji wa majani, mtu wa maneno machache, mwenye kikapu kizito kila jioni, na wanyapara walimpenda kwa sababu hakuwasumbua.

Mwaka huo nzige walishuka Kisii wakala wimbi mpaka mashina. Mke wa mzee Gekara alikuwa ameshafariki, na watoto wa kike walikuwa wameolewa. Gekara huyo ndiye babu yangu. Alifunga ngozi yake ya mbuzi, akashika fimbo, akaja kwa miguu kumfuata mtoto wake wa pekee wa kiume.

Alifika saa ya majani kupimwa. Hakuja mpaka mlangoni. Alisimama mwisho wa laini akakohoa, vile mzee anavyokohoa ili watu wajue amefika. Mama alimtambua kwa kikohozi kile kabla hajamwona. Akachota maji, akayapeleka akiwa ameinama, akayaweka chini mbali kidogo, akarudi nyuma.

"Mmeshinda, mwanangu?" mzee akasema akitazama upande wa mlima.

"Tumeshinda, Tata."

"Mtoto yupo?"

"Yupo, Tata. Ni msichana."

"Msichana ni mzuri," akasema, na akanywa maji.

Baba alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa mnyapara Joab, akaomba chumba kingine.

Joab hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mjaluo, na Wajaluo nao wana haya zao na wakwe, kwa hiyo alielewa nusu. Lakini kazi ni kazi.

"Onyancha, hapa si boma," akamwambia. "Chumba ni cha mwenye kipande cha kazi. Mzee wako ana kipande?"

"Mzee wangu hana meno, atapata wapi kipande?"

"Basi alale kwako. Mlango si upo?"

"Joab, unajua hawezi."

"Mimi najua. Meneja ndiye hajui, na mimi siwezi kumfundisha mila ya Kisii wakati sijui hata Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda choo."

Watu wakacheka, na baba akacheka kidogo ili asiwaudhi. Kesho yake alikata miti na nyasi, akajenga kibanda nyuma ya chumba chetu, kidogo tu, cha mtu mmoja kulala amejikunja. Jumamosi meneja akapita kukagua juu ya farasi. Alitaka laini zinyooke, aone kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule bila kitu kuchomoza. Kibanda kilibomolewa mbele ya macho ya mzee, na aliyetumwa kukibomoa alikuwa baba mwenyewe.

Wakajaribu chumba cha vijana wasio na wake, Wagusii wenzetu. Huko kulikuwa na Bosire na wenzake watano. Walimpokea mzee vizuri, wakampa kona yenye joto. Lakini kijana akitoka kazini ana maneno yake, anataka kusema habari za wasichana na kucheka. Na mbele ya mtu wa rika la baba yako maneno hayo hayasemwi. Wale vijana wakawa wananyamaza kila jioni kama watu wa matanga. Siku moja mmoja alijisahau, akasema neno. Hakuna aliyecheka. Mzee aliinuka taratibu, akachukua ngozi yake, akawaambia anakwenda kupunga hewa. Hakurudi. Hakutaka vijana wakose furaha kwa ajili yake, na hakutaka kusikia.

Basi akakaa nje ya ukuta wetu, chini ya ukingo wa paa, mgongo wake umeegemea udongo. Ndani, upande wa pili wa udongo huo huo, ndipo palipokuwa na meko. Mama alisogeza moto karibu na ukuta ili joto lipite. Alikuwa akipika ugali, anampa baba, baba anautoa nje, wanakula wote wawili wamechuchumaa wakizungumza habari za ng'ombe waliokufa zamani. Mama alisema hajawahi kumsikia baba akizungumza maneno mengi kama siku hizo.

Unaijua mvua ya huku kwetu. Asubuhi jua, mchana wingu linatoka msituni, jioni unatafuta debe la kukingia. Mwezi wa nne ulipofika ikawa haichagui saa. Siku ya mvua ya mawe baba alikuwa bado mbali kwenye majani. Mawe yaligonga paa mpaka mimi nikaanza kulia, na mama akasikia mzee anakohoa, na kikohozi hicho hakikuwa cha kubisha hodi.

Mama wakati huo alikuwa kwenye darasa la ubatizo. Mwalimu Alfayo, aliyekuja laini kila Jumapili na kengele yake, alikuwa amewaambia kwamba mbele ya Mungu hakuna mkwe wala baba mkwe, wote ni watoto. Sijui kama mama aliliamini neno hilo siku ile, au alichoka tu kusikia mtu anakohoa. Alifungua mlango wote. Akasema:

"Tata, ingia."

Mzee hakusogea.

Mama akafikiri, labda ni kwa sababu yeye mwenyewe yuko ndani. Akanifunga mgongoni, akajitanda gunia, akatoka nje kwenye mawe, akaenda kusimama chini ya mti wa mkaratusi mwisho wa laini. Aliiacha nyumba tupu, mlango wazi, moto unawaka. Kutoka pale aliweza kumwona mzee. Mzee aligeuka akautazama ule moto. Alitazama kwa muda, mama alisema. Kisha akanyoosha fimbo yake, akaushika mlango kwa ncha, akauvuta ukafungika.

Mawe yalipopungua mama alirudi amelowa. Mzee akamwambia, bila kumtazama: "Mwanangu, usiache mlango wazi. Moto unaisha bure."

Alikufa kabla ya Jumapili. Kifua.

Baba alikwenda ofisini kuomba siku za kumpeleka nyumbani, akalale kando ya nyumba yake alipomlaza mkewe. Joab ndiye aliyetafsiri. Meneja alivua kofia, akasema pole, akatoa mbao za jeneza bila kuulizwa. Siku hakutoa, kwa sababu majani yalikuwa yamejaa. Lakini aliuliza jambo moja, na Joab alisema aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Aliuliza, huyu mzee alikuwa nje, na chumba kilikuwepo, kwa nini hakuingia?

Baba akasema asante kwa mbao.

Walimzika chini kwenye mteremko, mahali pa kampuni, Mluhya upande huu na Mjaluo upande ule. Mwalimu Alfayo alikuja akaomba dua ingawa mzee hakuwa wake. Baada ya dua akamshika baba bega. "Pole sana, ndugu. Ila tuseme kweli, mila ndiyo imemwua mzee. Moto ulikuwa pale pale. Kwa nini hakuingia?"

Na mama naye aliuliza. Hilo alinieleza mwenyewe akiwa mzee kuliko nilivyo mimi sasa. Walikuwa wanakunywa uji asubuhi, akasema: "Mimi nilitoka, Onyancha. Nilitoka na mtoto nikamwachia nyumba yote. Kwa nini hakuingia?" Aliuliza kwa uchungu, hakuwa anamlaumu mtu. Baba aliweka kibuyu chini, akachukua kikapu, akaenda kazini.

Sasa katika bonde, pale shamba linapokomea na msitu unaanza, kulikuwa na watu waliokutana kila Jumapili. Wengine waliwaita wachawi, wengine waliwaita wavivu. Jina lililowashika lilikuwa Watu wa Nywele, kwa sababu walikataa wembe. Waliziacha nywele mpaka zinasokotana, walivua shati na blanketi wanapofika bondeni, wakavaa ngozi. Hawakutaka dawa ya hospitali, hawakutaka kengele ya Alfayo. Kiongozi wao alikuwa Ogari, mpishi wa zamani, mtu mrefu mwenye kovu shavuni, aliyebeba mizigo katika vita vya kwanza vya Wazungu.

Jumapili ya pili baada ya mazishi, baba alishuka bondeni. Akarudi jioni. Jumapili nyingine akashuka tena. Kisha wembe ukaanza kuota kutu juu ya kizingiti.

"Nyar Kisii," Jerusa alimwambia mama, yaani binti wa Kisii, wakichambua mboga, "mume wako anafuga kondoo kichwani."

"Ni huzuni, itapita."

"Huzuni haina chawa, mama. Kampuni itamfukuza. Na wewe utaenda wapi na huyu mdogo?"

Hapo ndipo mama alipoanza kuogopa. Mfanyakazi akifukuzwa, chumba kinachukuliwa siku hiyo hiyo. Kisii kulikuwa na njaa. Mama hakuwa na kaka wa kumpokea, baba yake alikuwa mtu wa pombe. Chumba kile kimoja, kibaya kama kilivyokuwa, ndicho kilichotutenga na njia.

Kwa hiyo Jumapili moja alinifunga mgongoni, akamfuata baba kwa mbali, akajificha kwenye matete aone ni nini kinamvuta.

Aliona watu wachache kuliko alivyotarajia. Aliwajua karibu wote. Palikuwa na Bosire, aliyepigwa kofi na mnyapara mdogo kuliko mdogo wake wa mwisho. Palikuwa na mmoja ambaye mke wake alihamia kwa dereva wa lori. Palikuwa na wazee wawili waliokuwa na sauti kubwa katika mabaraza ya kwao, na hapa shambani kazi yao ilikuwa kufagia uwanja wa kiwanda. Na palikuwa na mtu mmoja mnene ambaye, mama alisema, alipenda tu nyama iliyochomwa pale. Usidhani watu wanaoketi kwenye moto mmoja wameletwa na baridi moja.

Ogari alisimama akasema polepole, bila kupiga kelele:

"Niliwabebea risasi mpaka ng'ambo ya Tabora. Wenzangu niliowaacha kando ya njia siwezi kuwamaliza kuwataja. Wakaniambia tumeshinda. Nikarudi nyumbani, nikakuta mvulana anamwita baba yake kwa jina. Nikajiuliza, ni nani aliyeshinda, na ameshinda nini?" Akawatazama. "Wako watu wanaomba shule. Wako wanaoomba posho iongezwe. Mimi siwacheki. Lakini sisi hatuombi kitu kipya. Sisi tunaidai jana. Tuliiweka mlangoni tukaenda kazini, na tuliporudi haikuwepo."

Mama alisema alijikuta anatikisa kichwa kukubali, kule kwenye matete. Maneno yalimwingia. Alikumbuka nyanya yake.

Kisha Ogari akaendelea. "Na walioiba jana wana wasaidizi wao humu humu laini. Wako wanawake waliooga maji ya Alfayo. Mmoja wao alimfungulia baba mkwe wake mlango, akamwita ndani, kama mtu anayeita kuku."

Watu wakacheka. Alimtafuta baba kwa macho. Baba hakucheka.

"Mwana wa Gekara," Ogari akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Huwezi kutembea na sisi na huku unakula kwenye mkono huo. Mrudishe kwao na mtoto wake. Tutakutafutia aliyefundwa. Utujibu Jumapili."

"Nimesikia," baba akasema.

Mama alifika nyumbani kwanza. Alipika. Baba alipoingia alimwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Unanirudisha kwetu?"

Baba akajua kwamba alikuwa kwenye matete. "Sijasema hivyo."

"Na hukukataa."

Baba akamega ugali.

"Onyancha, nikuulize kimoja tu. Mimi sina nywele ndefu, lakini nakufulia, nakupikia, nimekuzalia. Wale wanakupa nini, ambacho mimi na mtoto hatuna?"

Baba aliutazama ule ukuta ambao mzee alikuwa ameuegemea upande wa pili. Ugali ukapoa.

Katikati ya wiki Mwalimu Alfayo alikuja na habari kwamba misheni ya Kisii ina nafasi ya wanawake wanaoteswa kwa imani. Akamwambia mama amwache huyo mume, achukue mtoto, aende.

Mama alimtazama, kisha akamwuliza kwa adabu: "Mwalimu, wewe na Ogari mlikutana wapi mkakubaliana? Yeye anataka niondoke kwa mume wangu, na wewe unataka vile vile."

Alfayo akaomba maji. Alikuwa kijana bado, na moyo wake haukuwa mbaya. Alikunywa maji akaaga.

Jumapili ikafika, baba akashuka bondeni. Mama alifungasha sufuria, shuka na Biblia yake katika kikapu, akakiweka mlangoni, akangoja kuambiwa aende. Baba alirudi, akakiona kikapu. Akakichukua akakirudisha ndani, sufuria akaiweka mekoni. Mama alilala akifikiri yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Asubuhi kengele ya kazi ilipolia, Watu wa Nywele hawakwenda kwenye majani. Walikwenda ofisini wamevaa ngozi, wakaweka vikapu vyao chini mbele ya ngazi. Ogari akasema wanataka vipande vyao, na wanataka kwenda makwao, na wanataka mifupa ya watu wao waliozikwa mteremkoni wapewe wakazike. Hawakushika hata fimbo. Baba alisimama mstari wa nyuma.

Askari walitoka Kericho kwa lori kabla ya mchana.

Baraza lilifanywa pale pale uwanja wa kiwanda, watu wa laini zote wakiitwa waone. DC aliketi kwenye kiti, karani Mgusii akitafsiri. Waliitwa mmoja mmoja. Ogari alisema maneno marefu, akapewa kifungo kirefu, akapelekwa mbali, na kwetu hakuonekana tena. Wengine waliulizwa swali moja: kwa nini uliwafuata watu hawa? Aliyesema nilidanganywa alinyolewa pale pale, akaonywa, akarudishiwa kikapu chake. Yule mnene alidanganywa. Bosire alidanganywa, akatazama chini wakati nywele zinaanguka.

"Onyancha mwana wa Gekara. Kwa nini uliwafuata watu hawa?"

Baba akamtazama karani.

Karani akarudia kwa Kigusii, tena akaongeza lake kwa sauti ya chini: "Sema neno moja tu, ndugu yangu, uende kwa mke wako."

Mama alikuwa mbele ya watu, mimi mgongoni. "Sema ulidanganywa," akamwambia. "Onyancha, mtazame mtoto. Sema."

Baba alimtazama mtoto. Alitutazama sote wawili, mama alisema, kwa macho ya mtu anayependa. Wala hakusema. DC akangoja, akaandika, wakamfunga miezi sita kuvunja mawe ya barabara.

Chumba kilichukuliwa jioni hiyo. Jerusa alitaka kutuweka kwake, lakini mama alijua watalala wakirundikana. Alikuwa na hasira. Alitembea mpaka Sosiot akiwa amekausha uso, na alisema kama baba angekutana naye njiani siku ile angempita bila salamu. Kwa neno moja tu tungekuwa ndani. Alimwacha mkewe njiani kwa sababu ya kinyozi.

Sosiot alipata kazi ya kulima kwa bibi mmoja wa Kipsigis, mjane, aliyeitwa Taprandich. Bibi huyo alikuwa na shamba na hakuwa na nguvu. Alimwonyesha mama sehemu chini ya shamba akamwambia ajenge.

Bosire alikuja huko siku moja ya soko, kichwa chake kimeanza kuota. Alikaa mbali, hakutaka kupewa uji. Akasema amekuja kwa sababu kuna jambo linamkera. Ile Jumapili ya mwisho, Ogari alipodai jibu, baba alisimama akasema: "Mke wangu alitoka kwenye mawe na mtoto mgongoni, ili baba yangu asimkute ndani. Mkinipata mwingine aliyefundwa kuliko huyo, nileteeni nimwone." Na baba akaketi tena pale pale, katikati yao.

"Aliketi tena?" mama akauliza.

"Aliketi. Hata sisi tulishangaa."

Bosire alipoondoka mama aliendelea kukanda udongo. Alikuwa anamaliza nyumba yetu, ya duara, mlango unatazama bonde. Ilipokwisha akaanza nyingine, ndogo, upande wa juu, mbali kidogo, yenye mlango wake na meko yake.

Taprandich alikuja na fimbo yake kuangalia. "Una mtoto mmoja tu. Hii ya pili ni ya nani?"

"Ya mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee yeyote wetu atakayefika."

Taprandich hakuuliza zaidi. Na kwao mzee hakai popote tu. Siku iliyofuata alituma wajukuu wake walete nyasi za kuezekea.

Baba alitoka gerezani wakati wa kuvuna mahindi. Aliuliza njia kwa Jerusa, akaja mchana, jua likiwa bado juu. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, mikono ilikuwa imepasuka kwa mawe. Alisimama kwenye ua akaiona nyumba, akamwona mama, akaniona mimi nikitambaa. Kisha akakiona kile kibanda. Akakizunguka. Akainama akatazama ndani, akaona kitanda cha fito, na ngozi, na kuni zilizopangwa. Aliketi chini kwenye mlango wake.

Mama alimletea uji. Hakumwuliza kitu. Maswali yote alikuwa ameyamaliza wakati anakanda udongo. Aliketi karibu naye, akanipakata.

Baba alikunywa mpaka nusu, akakishika kibuyu kwa mikono miwili.

"Uliniuliza wananipa nini," akasema.

Mama akangoja.

"Siku ya kwanza niliposhuka bondeni niliwaambia baba yangu amekufa. Wakauliza alilala wapi. Nikasema nje, kwenye ukuta wangu. Bosire akasogea nikapata mahali pa kukaa, na mmoja akaweka kuni kwenye moto. Walikuwa wamejaa pale, Bilhah, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini hakuingia."